Shajara ya Neno Moja: Kulifuatilia Apricity Hadi Kwenye Mzizi Wake

Siku ya 1

Leo nimefungua kadi mpya katika orodha ya maneno adimu ya Kiingereza ninayoiandaa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, na neno lenyewe ni apricity. Utaratibu haujabadilika: kila neno hupewa kadi moja yenye matamshi, maana, asili na tafsiri, na kadi haifungwi mpaka kila kipengele kithibitishwe mahali pasipopungua pawili, kwa kuwa maneno adimu huzungukwa na maelezo ambayo watu hunakiliana bila yeyote kurudi kwenye chanzo.

Kipengele cha matamshi kilikwisha kwa dakika chache. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, na herufi c husikika kama s, hivyo Mswahili akilitamka “aprisiti” na kuikazia ile “pri” atakuwa hakukosea sana.

Maana ndiyo iliyonivuta. Kila anayelitaja neno hili hulieleza kwa namna moja: ni joto la jua katika majira ya baridi. Siku ina baridi, upepo umetulia, mtu anatoka kivulini na kusimama palipo na mwanga, kisha anahisi shavu moja likipata joto huku mgongo ukiwa bado baridi. Joto hilo ndilo lililopewa jina. Nimelisoma neno hili mara nyingi kwa furaha, lakini leo nilipoanza kuandika kipengele cha asili nilikwama kwenye mstari wa kwanza. Neno linatokana na Kilatini apricus, ambalo maana yake ni “lililo wazi kwa jua”, na katika apricus hakuna baridi wala majira yoyote. Kwa hiyo swali la kadi hii nimeliandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu: majira ya baridi yaliingia wapi?

Siku ya 2

Nimeshinda na Henry Cockeram, mtu ambaye kamusi yake ya mwaka 1623 ndiyo ushahidi wa mwanzo wa neno hili katika Kiingereza. Kamusi nyingi za kawaida za Kiingereza cha leo hazina apricity. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ambayo huhifadhi hata maneno yaliyokwisha kufa, inalo, na inamrejelea yeye, ambaye fasili yake tayari inalitaja jua la majira ya baridi.

Ili kumwelewa Cockeram ni lazima kuzielewa zama zake. Wakati huo kamusi ya Kiingereza iliyofafanuliwa kwa Kiingereza chenyewe ilikuwa chombo kigeni. Ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya Robert Cawdrey, mwaka 1604, nayo ilikuwa na maneno yapatayo 2,500 tu. Ikafuata ya John Bullokar mwaka 1616, kisha hii ya Cockeram, ambayo ndiyo ya kwanza kati ya hizo tatu kujiita kamusi katika jina lake. Hazikukusudiwa kukusanya maneno yote ya lugha. Zilikuwa za maneno magumu, na maneno magumu kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kilatini yaliyovalishwa mavazi ya Kiingereza na wasomi, kiasi kwamba waliochukizwa nayo waliyaita maneno ya kidau cha wino, yaani maneno yanayoishi kwenye meza ya mwandishi na yasiyotoka kinywani mwa mtu.

Kamusi ya Cockeram ina sehemu tatu. Ya kwanza hueleza maneno magumu kwa maneno mepesi. Ya pili hufanya kinyume chake, ikimpa mtu neno la kawaida na kumwonyesha neno la kifahari la kuliweka badala yake. Ya tatu inahusu miungu, majitu, ndege, nyoka na wanyama, na humo ndimo anamosimulia kwamba mamba akishamla mtu hukililia kichwa chake, kisha naye akakila kichwa hicho pia. Maelezo hayo ya mamba nimeyasoma kwa makini kuliko nilivyotarajia, kwa sababu yamenikumbusha kwamba mtunzi huyu alikuwa mpokezi wa habari: alichokikuta kimeandikwa alikipitisha. Basi kama mamba wake alitoka katika vitabu vya watu, huenda na baridi yake ilitoka humo humo.

Watafiti wa historia ya kamusi wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya vidahizo vyake, yaani maneno yanayofafanuliwa katika kamusi, aliichukua kwa waliomtangulia na katika kamusi za Kilatini kwa Kiingereza za karne ya 16, mojawapo ikiwa ile ya Thomas Thomas iliyochapishwa Cambridge mwaka 1587. Njia ilikuwa nyepesi: unachukua kidahizo cha Kilatini, unakikata mkia, unakipachika mkia wa Kiingereza, nacho kinahesabiwa kuwa neno la Kiingereza. Kwa namna hiyo apricitas huwa apricity bila hata mtu mmoja kuwa amelitamka njiani. Sina haja ya kulidharau neno kwa sababu ya kuzaliwa hivyo. Maneno mengi yanayotumika leo yalianza vivyo hivyo, na tofauti ni kwamba hayo yalipata watumiaji.

Kabla sijafunga siku, naandika jambo moja lililonigusa. Ukurasa wa jina wa kamusi hiyo unawataja watu waliokusudiwa kufaidika nayo: mabibi waungwana, wanafunzi vijana, makarani, wafanyabiashara, na pia wageni wa taifa lolote. Nimekaa na maneno hayo ya mwisho kwa muda. Miaka mia nne baadaye, mgeni wa lugha nyingine kabisa ameifungua kazi ya mtu huyu akiwa na haja ile ile aliyoitabiri.

Siku ya 3

Leo nimefanya kosa, na kwa kuwa shajara hii ni ya kazi yote, kosa nalo linaingia.

Asubuhi niliandika kwenye kadi kwamba apricity ni ndugu wa apricot, lile tunda la rangi ya machungwa tunaloliita aprikoti, na wa April, mwezi wa Aprili. Ilionekana wazi mno: herufi zinafanana, na yote matatu yana harufu ya jua. Nikaandika hata sentensi nzuri kuhusu mzizi mmoja uliozaa tunda, mwezi na joto. Alasiri nikaanza kuthibitisha, na sentensi ile ikaanguka.

Aprikoti imepita njia nyingine, na ni njia ndefu ya kuvutia. Warumi waliliita tunda hilo kwa neno linalomaanisha “linalowahi kuiva”, praecox, ambamo Kiingereza kimepata pia neno lake la mtoto aliyewahi kukomaa akili. Wagiriki wakalipokea kama praikokion, Waarabu wakalipokea kwa Wagiriki na kuliita al-barquq, na Waarabu walipotawala Hispania na Ureno neno likabaki kule likiwa na ile “al” yake mbele, albaricoque kwa Kihispania na albricoque kwa Kireno. Waingereza wa katikati ya karne ya 16 waliliandika abrecock. (Kwa Waarabu wengi leo barquq ni plamu, kwa hiyo neno limesafiri mpaka limeliacha tunda lake nyuma.) Katika safari yote hiyo hakuna apricus hata mara moja.

Hata hivyo kufanana kwa herufi kuna sababu, na sababu hiyo ni kosa kama langu. Mwaka 1617, miaka sita kabla ya Cockeram, mtunzi wa kamusi John Minsheu alilifafanua jina la tunda hilo kana kwamba linatokana na Kilatini in aprico coctus, yaani “lililoivishwa mahali penye jua”. Ufafanuzi huo ulikuwa wa kubuni, lakini unapendeza, na huenda ndio uliosaidia kuigeuza b ya abrecock kuwa p ya leo. Hivyo apricus haikulizaa tunda, ila inawezekana iliacha alama ya kidole kwenye tahajia yake.

Kuhusu Aprili, Varro, mwanazuoni wa Kirumi, aliona kwamba mwezi huo umeitwa hivyo kwa sababu masika ya Ulaya hufungua kila kitu, aperire ikiwa ni “kufungua”. Katika zama hizo hizo wapo waliolihusisha jina hilo na Aphrodite, na wataalamu wa leo hawajakubaliana. Nimeifuta sentensi yote kwenye kadi. Nimejiwekea pia alama pembeni: asili inayopendeza mno ithibitishwe mara tatu, si mbili.

Siku ya 5

Siku mbili nzima zimekwenda kwenye Kilatini, na sasa naweza kuuandika mzizi kwa utulivu.

Apricus ni kivumishi. Huelezea mahali ambapo jua linapafikia bila kizuizi: mteremko wa kilima usiofunikwa na miti, uwanja ulio wazi, ukingo wa mto. Horace, mshairi wa Kirumi, anakiita Campus Martius, uwanja wa mazoezi wa vijana wa Roma, kwa kivumishi hicho. Wachunguzi wengi wa asili za maneno hulihusisha neno na kile kitenzi aperire, “kufungua”, likiwa limeundwa kwa kiambishi tamati kama kile cha amicus, “rafiki”, ambalo ni jamaa ya amare, “kupenda”. Kwa hiyo wazo la msingi linaelekea kuwa uwazi, na jua huingia kwa kuwa pameachwa wazi. Ikiwa ni hivyo, binamu wa kweli wa apricity si aprikoti bali ni aperture, neno ambalo wapiga picha hulitumia kwa tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Udugu huu nimeuthibitisha mara tatu.

Kutoka kwenye kivumishi, Kilatini kiliunda nomino apricitas kwa mkia -itas, na mkia huo ndio uliofika katika Kiingereza kama -ity kupitia Kifaransa. Kwa msomaji wa Kiswahili maelezo ni mepesi: mkia ule hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na kiambishi awali u-, kinachogeuza “huru” kuwa “uhuru”. Apricitas basi ni ile hali ya mahali kuwa wazi kwa jua. Ni sifa ya mahali.

Ila Kilatini kilikuwa pia na kitenzi, apricari, na hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka. Kitenzi hicho kimo katika kundi ambalo wanasarufi wa Kilatini wamelipa jina lake maalumu, yaani vitenzi vyenye umbo la kutendwa lakini maana ya kutenda. Mtu anafanya jambo, na jambo lenyewe linatua mwilini mwake. Ushahidi bora niliopata ni wa Cicero, mwandishi na msemaji wa Kirumi, katika kazi aliyoiandika mwaka 45 KK. Anakisimulia kile kisa cha Diogenes, mwanafalsafa aliyeishi bila mali, alipoulizwa na mfalme Alexander kama ana haja yoyote, naye akajibu kwamba kwa sasa Alexander asogee kidogo kutoka kwenye jua. Cicero anaongeza sentensi moja fupi ya kumweleza msomaji kilichotokea, na katika sentensi hiyo Diogenes anatajwa kwa neno apricanti.

Nilijaribu kuitafsiri sentensi hiyo pembeni mwa kadi. Nilipoandika “bila shaka alikuwa amemkinga jua mtu aliyekuwa akili…”, mkono ukasimama. Akilifanya nini jua? Akilipunga, hapana. Akijianika, hapana, maana anayeanikwa ni nguo. Kisha neno likaja lenyewe, nikaandika: “aliyekuwa akiota jua.” Nimeiacha kalamu hapo kwa leo.

Siku ya 6

Kazi fupi. Nimetafuta kama Kiingereza hakikuwa tayari na neno la jambo hili mwaka 1623, na kilikuwa nalo, bask, lililotoka katika lugha ya kale ya Skandinavia likiwa na maana ya kuoga. Shakespeare analitumia kwa mtu aliyejilaza juani. Lakini bask ni kitenzi: linamtaja mtu na tendo lake. Joto lenyewe, kile kinachotoka juani na kufika kwenye ngozi, halikuwa na jina. Cockeram alijaza pengo la kweli, hata kama alilijaza kwa neno la kidau cha wino.

Siku ya 8

Leo nina jibu la swali la kalamu nyekundu, au angalau jibu ninaloweza kulisimamia.

Nimelirudia neno “kuota” kama mtu anayeichunguza sarafu aliyoitumia maisha yake yote. Ndoto huotwa, mmea huota, na mtu huota jua au moto. Maana hii ya tatu ndiyo ninayoihitaji, na ina sharti ambalo sikuwahi kulitazama kwa sababu halijaandikwa popote ndani ya umbo la neno. Haiwezekani kusema kwamba fulani anaota jua wakati jua linamuunguza. Huyo anapigwa na jua, au jua linamchoma. Asemaye “anaota jua” amekwisha kusema, bila kulitamka, kwamba mwili wa mtu huyo ulikuwa na baridi. Vivyo hivyo katika kuota moto: mpishi aliyesimama karibu na jiko haoti moto, ila aliyetoka kunyeshewa na mvua akajikunyata mbele ya jiko hilo hilo, yeye anauota. Tendo ni lile lile la kuwa karibu na joto. Kinacholitenganisha ni haja ya mwili.

Kwa hiyo baridi haimo katika jua wala mahali. Imo katika sababu ya mtu kulifuata jua. Nilipolitazama Kilatini upya nikiwa na wazo hilo, nilianza kuiona baridi ikizunguka karibu na apricus hata pale ambapo kamusi haiitaji. Katika kitabu cha 6 cha utenzi wake uitwao Aeneid, Virgil, mshairi wa Kirumi, anazifananisha roho za wafu zilizojazana ukingoni mwa mto na ndege wanaokusanyika pale mwaka unapoingia baridi, ukawafukuza kuvuka bahari na kuwapeleka katika nchi zenye jua; na kivumishi alichozipa nchi hizo ni apricis. Nchi hizo zinaitwa hivyo katika sentensi ambayo ndege ndani yake wanakimbia baridi. Mtu aliyejifunza Kilatini kwa mistari kama hiyo, kama walivyojifunza wanafunzi wengi wa Uingereza wa karne ya 16, angekuwa na haki ya kuhisi kwamba apricus ni jua linalotafutwa wakati wa baridi.

Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, halitumii neno hilo katika kipande ninachokifikiria, lakini anakionyesha kitu chenyewe kuliko mwandishi yeyote niliyemsoma wiki hii. Katika barua anayoielezea nyumba yake ya Laurentum, pwani karibu na Roma, anataja kona iliyo kati ya chumba na ukumbi wa kulia ambayo hulishika jua safi na kulizidisha. Anasema hapo ndipo mahali pa majira ya baridi pa watu wa nyumba yake, na pia pa kufanyia mazoezi, na kwamba pepo zote hapo hunyamaza isipokuwa zile zinazoleta mawingu. Katika nyumba hiyo hiyo kuna chumba kilichopindwa kama upinde, ili madirisha yake yalifuate jua katika mwendo wake wote. Warumi waliijenga apricity kwa mawe kabla mtu yeyote hajaipa jina la Kiingereza.

Nimeandika kwenye kadi: “Fasili inayotaja majira ya baridi si kosa la Cockeram wala nyongeza isiyo na msingi; inahamisha neno kutoka kwenye sifa ya mahali hadi kwenye hisia ya mtu aliyepatafuta.” Sentensi ni nzito kidogo, nitaipunguza.

Siku ya 9

Sikutaka kadi iseme “joto la jua” bila mimi kuelewa kwa nini joto hilo huhisiwa wakati hewa ni ya baridi, kwa hiyo leo nimetoka kwenye kamusi na kuingia kwenye fizikia, na nimekuta jambo ambalo naona linastahili nafasi yake.

Joto linalotangazwa katika taarifa ya hali ya hewa ni joto la hewa peke yake. Kipimajoto huwekwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinama vinavyopitisha hewa na kuzuia jua, katika kimo cha takriban mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Kibanda hicho kimepewa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti wa karne ya 19 aliyekuwa mjenzi wa minara ya taa na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Kazi yake hasa ni kuhakikisha kwamba mwali wa jua haugusi kipimajoto. Maana yake ni kwamba kile kinachotajwa na apricity ndicho kile ambacho kipimo rasmi kimejengwa ili kukiacha nje.

Mwali wa jua hauhitaji hewa iwe na joto. Husafiri takriban kilomita milioni 150 katika utupu kwa muda wa dakika 8 na sekunde 20 hivi, hupenya hewa bila kuipasha sana, kisha hutoa joto lake pale unapozuiwa na kitu, kama ukuta au jani au shavu la mtu. Upepo ukitulia, utando mwembamba wa hewa ulio juu ya ngozi hubaki mahali pake na joto halipeperushwi. Ndiyo sababu Pliny aliutaja ukimya wa pepo mara tu baada ya jua.

Kuna na suala la pembe. Katika majira ya baridi jua huwa chini angani, na mwili wa mtu aliyesimama huwa umeuelekea mwali vizuri kuliko ardhi anayoikanyaga. Jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo, uso uliosimama wima ukilielekea hupokea takriban asilimia 94 ya nguvu ya mwali wa moja kwa moja, ilhali ardhi tambarare hupokea asilimia 34 tu. Hapo ndipo inapoeleweka jinsi barafu inavyoweza kukaa bila kuyeyuka miguuni pa mtu ambaye uso wake umepata joto. Sitayaweka mahesabu haya kwenye kadi, ila yamenisaidia kuchagua neno moja la fasili: nitaandika “linalohisiwa”, nisiandike “lililopo”.

Siku ya 11

Tafsiri imechukua siku mbili, na hii ndiyo sehemu ambayo sikuwa peke yangu. Rasimu nilimpelekea mzee anayenihakikia kadi zote, ambaye aliwahi kunifundisha na hata leo namwita Mwalimu.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa “joto la jua la baridi”, nalo nililitupa mwenyewe kwa sababu msomaji wa haraka ataelewa kwamba jua ndilo la baridi. La pili lilikuwa “vuguvugu la jua”. Lina sauti nzuri, lakini vuguvugu ni hali ya maji yasiyofika kwenye moto wala kwenye baridi, na lina ladha ya jambo lisilo kamili. Apricity haina upungufu wowote, ni joto linalotosha. La tatu nililiunda: “uotajua”. Hilo ndilo nililolipeleka, na jibu lilirudi jioni ile ile.

“Mwanangu, neno hili limejengwa sawasawa, sioni kosa la sarufi. Lakini niambie, umelisikia kinywani mwa nani?”

Nilimjibu: “Shikamoo Mwalimu. Hakuna aliyelisema bado. Hata apricity yenyewe haikuwa na msemaji.”

“Marahaba. Basi usimpe msomaji wako neno la pili lisilo na msemaji ili limweleze la kwanza.”

Nimelikubali hilo kwa moyo wote, kwa kuwa ndilo kosa lile lile la kidau cha wino nililokuwa nikiliandikia habari siku ya 2. Nikarudi kwenye maneno yaliyo hai. Tunasema maji ya kunywa, moto wa kuota, kivuli cha kupumzikia. Basi kwa nini tusiseme jua la kuota? Nilisita kwanza kwa kuwa apricity ni joto, nalo jua ni jua, lakini Kiswahili hakiyatengi mambo hayo kama Kiingereza kinavyoyatenga: tunaposema jua ni kali leo, hatusemi habari za nyota iliyo angani, tunasema habari za joto lake linavyotufikia. Neno “jua” tayari linabeba nyota, mwanga na joto kwa pamoja. “Jua la kuota” basi linalitaja joto hilo, linamtaja anayelihitaji, na kwa sharti lililofichika ndani ya “kuota” linaitaja na baridi, yote kwa maneno matatu ambayo kila mtu ameshayatamka.

Limebaki suala la majira. Niliwahi kuandika “kipupwe”, kisha nikaliondoa, kwa kuwa kipupwe kina miezi yake na upepo wake katika akili ya msomaji, na Cockeram hakuwa akiuzungumzia. Nimebakiza “majira ya baridi”.

Mwalimu ameisoma rasimu mpya na kuirudisha ikiwa na alama moja tu: ametaka niongeze mfano wa matumizi, akisema neno lisilo na sentensi ni sawa na ufunguo usio na mlango. Ameungoja mfano huo mpaka nilipoutuma.

Siku ya 12

Kadi imefungwa leo. Nainakili hapa kama ilivyo kwenye orodha.

Apricity, nomino. Hutamkwa aprisiti, mkazo kwenye “pri”. Joto la jua linalohisiwa mwilini katika majira ya baridi. Jua la kuota. Limeandikwa kwanza katika kamusi ya Henry Cockeram, London, 1623. Asili: Kilatini apricitas, hali ya mahali kuwa wazi kwa jua, kutoka apricus, ambalo wengi hulihusisha na aperire, kufungua, taz. pia kitenzi apricari, kuota jua, alichokitumia Cicero kwa Diogenes. Halina uhusiano wa mzizi na aprikoti. Mfano: Ingawa maji ya ndoo yalikuwa yameganda, paka alibaki juu ya kizingiti mpaka jua la kuota lilipohama, naye akahama nalo.